Ni nini kilichougawa mji wa Nairobi: reli, udongo mweusi, mabomba ya maji au amri ya mtawala?

#1 Msafiri wa Jogoo Road

Wanajukwaa, salaam. Naleta dai, nanyi mnipinge kwa hoja. Mimi nasema kwamba mji huu uligawanywa na wahandisi wa reli kabla wanasiasa hawajaufikia. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, na ikatua kwa sababu mbele yake kulikuwa na mwinuko wa kuelekea Kikuyu na Limuru, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Hapa ndipo palipokuwa na tambarare ya mwisho yenye nafasi ya kupanga njia za mabehewa, karakana na bohari, tena karibu na mto. Hakuna aliyekusudia kujenga mji mkuu mahali hapa.

Hata hivyo, stesheni ilipokwisha kuwekwa, kila mtu alipata nafasi yake kuizunguka. Maofisa walipanda vilimani upande wa magharibi, wafanyabiashara wa Kihindi wakakaa karibu na stesheni, na vibarua wa reli wakalazwa Muthurwa na Landhies. Makao makuu ya serikali yalipohamishwa kutoka Mombasa mwaka 1905, mpangilio ulikuwa umeshaanza kukauka. Makongeni, Makadara na viwanda vyote vilivyofuata vilijipanga kufuata njia ya reli ileile. Je, kuna sababu kubwa kuliko hiyo ya Eastlands, mitaa ya wafanyakazi upande wa mashariki, kuwa Eastlands, na Lavington, mtaa wa kifahari wa magharibi, kuwa Lavington?

#2 Fundi wa Mawe

Mzee Msafiri, reli naikubali, ila umekiruka kitu kilicho chini ya reli yenyewe. Nimejenga pande zote za mji huu, na jembe ndilo lililonifundisha ramani yake. Ukitoka katikati ya mji kuelekea Kileleshwa, Lavington na Kabete, unakanyaga udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji na kuotesha kila unachopanda. Ukielekea Donholm, Embakasi na Kayole unakutana na udongo mweusi, ule tunaouita blakikotoni, ambao mvua ikinyesha hufura na jua likiwaka husinyaa hadi ukaacha nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuchimbua hupasuka ukuta, na mara nyingi ufa huanzia kwenye pembe ya dirisha.

Kwa hiyo anayejenga upande wa mashariki, kabla hajaweka jiwe la kwanza, anachimbua udongo wote mpaka afikie mwamba, anaupakia kwenye lori, kisha ananunua kifusi kizuri cha kujazia na kukishindilia tabaka kwa tabaka. Hizo ni fedha ambazo mwenzake wa Lavington halazimiki kuzitoa. Aliyekuwa na uwezo wa kuchagua alichagua udongo mwekundu, na asiye na uwezo akaachiwa mweusi.

#3 Mwalimu Mstaafu

Fundi, nakuheshimu, lakini udongo hautoi amri. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wakaagiza soko zima lichomwe moto. Tangu hapo hofu ya maradhi ikawa hoja ya kupangia mji. Mwaka 1913 Profesa William Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa kutoka Uingereza, alipendekeza kwamba miji ya Afrika Mashariki itenge makazi kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao na Waafrika kwao, tena kuwe na eneo lisilo na nyumba kati yao. Isome ramani ya Nairobi pamoja na pendekezo hilo utaona Ngara na Parklands zikiwa za Waasia, vilima vya magharibi vikiwa vya Wazungu, na Waafrika wakisukumwa mashariki. Mhandisi alichora mstari alioambiwa auchore.

#4 Msomaji wa Kumbukumbu

Mwalimu, naomba kuongeza jambo ili mjadala usiegemee kwenye sheria peke yake. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 uliachana na sera ya kuwatenganisha Waasia na Wazungu katika makazi ya mijini, ingawa nyanda za juu zilibaki kuwa za Wazungu. Kwa upande wa Waasia, basi, amri iliondolewa mapema, na bado mipaka ya mitaa haikusogea. Kilichoilinda ni masharti yaliyoandikwa ndani ya hati za kukodi ardhi, pamoja na bei na ukubwa wa ploti. Mtu akiambiwa kwamba ploti haigawanyiki na lazima iwe na nyumba moja tu juu ya bustani kubwa, hahitaji kuambiwa kwamba maskini hakaribishwi.

Halafu ukaja Mpango Mkuu wa mwaka 1948, uliochorwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini. Ulizungumza lugha ya kitaalamu kabisa kuhusu vitongoji vyenye shule na uwanja wake, eneo la viwanda na barabara pana, lakini ulichukua mgawanyo uliokuwapo na kuupa sura ya uhandisi.

#5 Binti Pumwani

Nawashukuru nyote. Mnazungumza kana kwamba Waafrika walingoja tu kupangwa, na hilo si kweli. Kulikuwa na vijiji vya Waafrika ndani na kandokando ya mji, Pangani ikiwa kimojawapo, ambavyo watu walikuwa wamejijengea wenyewe, nyumba za udongo zenye vyumba vingi vya kupangisha, msikiti, maduka na visima. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenye nyumba walipewa viwanja wajenge kwa gharama zao, na manispaa ikaweka vyoo na maji ya pamoja. Pangani yenyewe ilibomolewa mwaka 1939 na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuwa na nyumba yao Pumwani. Kodi ya vyumba vile ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea watoto, na hakuna mwanamume aliyemwekea sharti ndani ya nyumba yake. Aliyehamishwa kutoka nyumba ya kwake akapewa chumba cha kupanga alikuwa hajahamishwa mahali tu. Alikuwa amepokonywa mapato, na pamoja na mapato heshima mbele ya wanawe. Ndiyo maana nasema, mnapohesabu sababu, hesabuni pia nani aliruhusiwa kumiliki kuta na nani aliruhusiwa kulala tu ndani yake.

#6 Mwana Kaloleni

Dada Binti Pumwani amegusa kiini. Vyumba vya kwanza vya wafanyakazi vilijengwa kwa imani kwamba Mwafrika mjini ni mpita njia, kwamba mke na watoto wako mashambani, na kwamba kazi ikiisha atarudi huko. Kwa hiyo kilichojengwa ni nafasi ya kitanda. Wanaume kadhaa waligawana chumba kimoja, jiko la pamoja na bomba la pamoja. Upana wa chumba ndio ulioamua kama mtu ataishi na familia yake au hapana.

Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa tofauti. Nyumba za chini zilizungushwa kwenye viwanja vya nyasi, njia za miguu zikapita katikati, na ukumbi wa kijamii ukawekwa mahali ambapo kila mtu angefika bila kupanda gari. Nimekulia huko. Mama aliweza kukaa mlangoni akawaona watoto wa nyumba zote zinazozunguka uwanja, na aliyekosea aliadhibiwa na mzazi aliyekuwa karibu. Ukumbi ule ulipokea mikutano ya siasa ya miaka ya 1950 kwa sababu palikuwapo paa, viti na watu waliofahamiana tayari. Sidhani mchoraji alikusudia kuwajengea wapigania uhuru ukumbi, lakini ndivyo ilivyotokea.

#7 Mhandisi wa Maji

Habari za jioni. Nimesoma hoja zote na naona mmeliacha bomba. Maji ya mji huu hutoka kaskazini na magharibi, kwenye safu ya Aberdare, na hushuka kwa nguvu ya mteremko. Tulianza na chemchemi za Kikuyu, likafuata bwawa la Ruiru, kisha Sasumua katika miaka ya 1950, na hatimaye Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Maji ya Sasumua huingia kwenye matangi ya Kabete. Ya Ndakaini husafishwa Ng'ethu na kufika Gigiri. Angalieni sasa matangi hayo yako upande gani wa mji. Bomba kuu likitoka huko huhudumia vilima kwanza, kisha katikati ya mji, na mwishoni kabisa ndipo lifike Embakasi.

Majitaka nayo hufuata mito, na mito yetu yote mitatu, Nairobi, Mathare na Ngong, humwaga mashariki. Mtambo wa kuyasafisha uko Ruai, pembezoni mwa mji upande huohuo. Maji safi huanzia magharibi na machafu huishia mashariki, na mpangilio huo hauhitaji mtawala wala chuki ya mtu yeyote ili uendelee kufanya kazi miaka mia moja.

#8 Mpangaji wa Pipeline

Mhandisi, nina swali la mtu asiyesomea mambo hayo. Sisi wa Embakasi tuko chini kuliko Kabete. Maji yanayoshuka si yanapaswa kutufikia kwa nguvu zaidi? Mbona bomba letu hupumua hewa siku nzima na maji huonekana usiku wa manane, siku mbili kwa juma, tena baada ya kuomba?

#9 Mhandisi wa Maji

Ndugu, swali lako ni la msingi kabisa. Maji yakiwa yamesimama ndani ya bomba, ndiyo, wewe uliye chini una shinikizo kubwa kuliko aliye juu. Lakini maji yanayotembea hupoteza nguvu kwa kusuguana na kuta za bomba, na upotevu huo huongezeka kadiri bomba linavyokuwa refu, jembamba, na lenye maji mengi yanayopita kwa kasi. Ongeza kila mtu aliyechota njiani kabla yako, kwa halali na kwa wizi, na viungo vinavyovuja. Juu ya hayo, maji yaliyopo hayatoshelezi mahitaji ya mji, kwa hiyo hutolewa kwa mgawo, na mtu wa mwisho wa mstari hupata kilichobaki. Handaki la kukusanya maji ya mito kule Murang'a, liliko bwawa la Ndakaini, lenye urefu wa karibu kilomita 12, liliongeza maji kwenye mfumo, lakini maji zaidi tangini hayamfikii mtu ambaye bomba la mtaani kwake liliwekwa kwa ajili ya nyumba za chini na sasa lina maghorofa.

#10 Jirani wa Buru Buru

Kumbe Ndakaini iko Murang'a? Nilidhani mabwawa yetu yote yako Nyandarua.

#11 Msomaji wa Kumbukumbu

Sasumua ndilo lililoko Nyandarua, upande wa Kinangop Kusini. Ndakaini liko Gatanga, kaunti ya Murang'a. Na watu wa huko wana malalamiko yao ya haki, kwamba mashamba yao yalimezwa na bwawa huku vijiji vilivyo jirani nalo vikisubiri bomba. Mgawanyo tunaouzungumzia hauishii kwenye mpaka wa Nairobi.

#12 Fundi wa Mawe

Narudi kwa Mwalimu. Ukisema udongo hautoi amri, nakuuliza kwa nini hata leo, hakuna Simpson wala hati za ubaguzi, kodi ya chumba Kilimani haikaribiani na ya Kayole.

#13 Mwalimu Mstaafu

Fundi wangu, wewe ukiulizwa habari za ndoa utajibu habari za msingi! Lakini nitakujibu kwa mfano wa ujenzi. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, uko juu ya tambarare hiyohiyo ya udongo mweusi. Serikali ya kikoloni ilipoutaka, udongo ulichimbuliwa, tena kwa jasho la wafungwa wa wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, waliolazimishwa kufanya kazi. Ndege nzito zinatua pale hadi sasa. Kwa hiyo udongo mweusi ulikuwa gharama, haukuwa kizuizi, na swali la kweli ni hili: nani alionekana anastahili kugharamiwa?

#14 Fundi wa Mawe

Hapo Mwalimu umenipa nusu ya hoja yangu. Gharama ndiyo niliyoisema tangu mwanzo. Serikali ina mfuko wa kuilipa, lakini mfanyakazi aliyenunua ploti ndogo kwa akiba ya chama hana, na mwenye nyumba anayekimbizana na kodi huipunguza kwa kuficha. Nimeitwa zaidi ya mara moja kumalizia jengo ambalo nguzo zake zilikuwa nyembamba kuliko mchoro, na mchanga wake una udongo. Niliikataa kazi moja Eastlands, mwenyewe akamtafuta mwingine kabla ya juma kwisha.

Mnakumbuka Huruma, Aprili 2016. Jengo la ghorofa kadhaa kando ya mto lilianguka usiku wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 50. Lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa, na bado familia zilikuwa ndani, kwa sababu kodi ilikuwa inalipika. Anayesema ni udongo hajakosea, na anayesema ni mto, au saruji, au ofisi iliyopaswa kuwahamisha watu, pia ana lake.

#15 Mpangaji wa Pipeline

Ninaishi ndani ya jengo la aina hiyo, ingawa letu bado limesimama. Ni ghorofa nane bila lifti. Chumba changu kiko katikati, dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani kwa umbali wa mkono wangu, kwa hiyo taa huwaka saa sita mchana. Watoto wa huko juu huchezea kwenye ngazi kwa sababu chini hakuna uwanja, ni barabara na mtaro. Wajawazito huhesabu safari zao, na maji yakikatika anayebeba mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya saba hulipwa kwa kila ngazi anayopanda.

Hata hivyo naomba msituonee huruma tu. Jengo letu lina duka, saluni, fundi cherehani, kanisa na mtu wa kutunza watoto, vyote ndani ya ngazi moja. Mke wangu alipougua usiku, waliombeba hadi kwenye teksi ni watu ambao majina yao kamili siyajui. Mzee wa Kaloleni alisema uwanja wa nyasi uliwafahamisha majirani. Sisi tulifahamishwa na ngazi.

#16 Jirani wa Buru Buru

Nami nilete ya kwetu. Buru Buru ilianza kujengwa mapema miaka ya 1970, kwa mikopo iliyoungwa mkono na shirika la maendeleo la Uingereza, na ikachorwa na kampuni ya wasanifu ya Mutiso Menezes. Nyumba ziliwekwa katika makoti, yaani nyua za pamoja, yenye mlango mmoja wa kuingilia, kila nyumba ikiwa na kiwanja kidogo nyuma, na wazazi wetu walilipa mkopo mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wafanyakazi wengi wa tabaka la kati kuwa na hati ya nyumba upande wa mashariki.

Kisha kila mtu akaanza kuongeza. Chumba cha wageni, halafu vyumba vya kupangisha, halafu ghorofa mbili juu ya kiwanja kilichokuwa na mti wa mparachichi. Koti lililochorwa kwa familia chache sasa lina wakazi mara kadhaa, magari hayana pa kuegeshwa, na jua haliingii jikoni kwa jirani. Siwalaumu, kwa sababu pensheni ni ndogo na vyumba vile ndivyo vinavyowatunza wazee. Kwa maoni yangu kilichougawa mji ni mkopo. Aliyekopeshwa alijenga mtaa, na asiyekopesheka akajenga anavyoweza.

#17 Kijana wa Dandora

Jirani, watu wa Buru Buru hamjawahi kusema mnatoka Eastlands hadi leo, nafurahi umeandika. Tuongeze Dandora basi, kwa sababu ndiyo jaribio la kumkopesha asiyekopesheka. Katikati ya miaka ya 1970 Benki ya Dunia na Baraza la Jiji walipima takriban ploti 6,000, wakaweka barabara, maji, majitaka, choo na bafu, kisha mwenye ploti akamalizia nyumba mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Babu yangu alijenga vyumba viwili, akaishi kimoja na kupangisha cha pili, na kodi hiyo ikanunua mawe ya cha tatu. Wengine walishindwa na ploti zikaenda kwa watu wenye fedha, ambao hawajawahi kulala Dandora.

Jalala kuu la jiji nalo likawekwa jirani na makazi yaleyale. Moshi wake hauulizi kama ulilipa mkopo wako kwa wakati. Mhandisi alisema maji machafu huja mashariki, basi taka nazo huja, ila taka hazina mteremko, hubebwa na lori ambalo lina dereva na ratiba.

#18 Mnubi wa Kibra

Assalamu alaykum. Mmezungumza sana juu ya mashariki, lakini Kibra iko kusini-magharibi, karibu na mitaa ya kifahari, na hoja zenu nyingi hazitoshei huku. Wazee wetu walikuwa askari wa jeshi la Mwingereza, wakaruhusiwa kuishi hapa mwanzoni mwa karne iliyopita bila kupewa hati. Tulingoja hadi mwaka 2017 ndipo jamii ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Bila hati hukopeshwi, na bila hati hakuna ofisi inayoweka bomba kwa moyo mkunjufu, kwa sababu ikikuwekea bomba imekutambua. Kwa hiyo kwetu karatasi ilitangulia udongo na maji.

Reli inapita katikati yetu, na watu hutandika bidhaa kando yake, treni inapokuja wanaziondoa. Mwaka 2018 barabara ya kuunganisha Lang'ata na Ngong Road ilipitishwa juu ya nyumba na shule, na maelfu wakahama. Leo barabara hiyo ina manufaa, sikatai. Waliohamishwa hawapo tena kuitumia.

#19 Shangazi wa Githurai

Wanangu, someni na hili. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi iliyoanza mwaka 2009 na kufunguliwa mwaka 2012, karibu kilomita 50, tulisherehekea. Safari ya mjini iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikawa fupi. Vijana wakahamia Ruiru na Juja, maghorofa yakaota mahali palipokuwa na kahawa, na wajenzi wakapata riziki. Lakini Githurai ilikatwa vipande viwili. Duka langu liko upande mmoja, soko liko upande wa pili, na kati yao kuna magari yanayokimbia. Wateja wazee hawawezi kupanda daraja la miguu lenye mzunguko mrefu, na wanaojaribu kuvuka chini wengine hawafiki. Mgawanyo mwingine wa mji umeletwa na barabara zetu wenyewe, baada ya uhuru, na fedha tuliziazima wenyewe.

#20 Mwalimu Mstaafu

Shangazi amenena. Hata barabara ya juu ya kilomita 27, ile iliyofunguliwa Mei 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ina sura hiyo. Anayelipa ushuru hupita juu, asiyelipa hubaki chini na foleni yake. Ujenzi wake ulipofika Westlands, mti wa mugumo uliokuwa njiani uliokolewa kwa amri ya rais mwezi Novemba 2020, na nilifurahi sana. Ningetamani wachuuzi waliokuwa kando ya barabara nao wangepata mtetezi wa kiwango hicho.

#21 Binti Pumwani

Mhandisi, kabla hatujapotea kabisa, nina swali la sasa hivi. Mitaa ya zamani ya jiji inavunjwa ili yajengwe maghorofa ya nyumba za bei nafuu, na kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 kwa ajili hiyo. Mabomba ya majitaka yaliyowekwa kwa ajili ya nyumba za chini yatawabeba watu wa ghorofa 15?

#22 Mhandisi wa Maji

Dada, bomba la zamani halitawabeba, na tatizo halionekani siku ya kukabidhiwa funguo. Huonekana mvua ya kwanza kubwa, mifuniko ya mashimo ya majitaka inapoinuka. Mikutano ya kukusanya maoni ya umma inapoitishwa, msiulize tu idadi ya vyumba. Ulizeni kipenyo cha bomba kuu nje ya ua, linaungana wapi na bomba la jiji, na nani atalipa umeme wa pampu na lifti baada ya mwaka wa kwanza. Ombeni majibu hayo yaandikwe.

#23 Mwana Kaloleni

Na muulize pia ukumbi utakuwa wapi. Nimeona michoro yenye maegesho ya magari ambayo wapangaji wengi hawana, na sijaona mahali pa kufanyia matanga.

#24 Kondakta wa 58

Nimefuata uzi huu tangu mwanzo bila kuandika, nanyi nyote mmeisahau njia ya kufika kazini. Barabara kuu zetu nyingi huingia katikati ya mji kutoka pande zote, na zile za kuzunguka zilichelewa mno. Outer Ring Road, ambayo ni kilomita 13 tu kutoka Thika Road hadi upande wa Embakasi, ilipanuliwa miaka ya karibuni, na mara moja abiria wa Kariobangi wakaanza kupata kazi za Roysambu ambazo awali hawakuziomba, kwa sababu nauli ya kupitia mjini ingemaliza mshahara. Mtu anayeishi mbali na kazi kwa kilomita chache, lakini analazimika kushuka mjini na kupanda gari la pili, amegawanywa na mchoro wa barabara, hata kama udongo wake ni mwekundu na maji yake hayakatiki. Abiria wangu wa alfajiri wanaotoka Buru Buru kwenda viwanda vya Baba Dogo bado wengi wao hushukia katikati ya mji.